Baridi mbili chini ya bati moja

Barua ya msomaji

Kamwene mshauri,

Naomba msaada kabla Julai haijatumaliza. Tunaishi kijijini Mufindi, mkoani Iringa, kati ya Mafinga na ule upande wa mashamba ya chai. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati bila dari, madirisha ya vioo, sakafu ya saruji. Tulihamia Novemba iliyopita tukitokea Morogoro, kwa hiyo hiki ndicho kipupwe chetu cha kwanza huku.

Kinachonichosha ni hali ya hewa kutokutulia. Siku tatu nne ni ukungu na manyunyu, jua halionekani mpaka saa saba mchana. Mara kunakucha kweupe, jua linawaka, halafu usiku wake baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ukijipanga kwa hili, linakuja lile.

Mama mkwe analala na wajukuu wawili. Kila usiku saa tatu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunika mkaa kwa majivu na kuweka sufuria ya maji pembeni, anasema maji yanakunywa sumu. Mtoto mkubwa anaamka na kichwa kinamuuma, akifika shuleni kinapoa. Nikigusia, naambiwa wao wamelala na moto tangu enzi na hakuna aliyekufa.

Alfajiri bati linadondosha maji kitandani hata siku ambazo hakukunyesha. Fundi ameshapiga misumari upya mara mbili, tumelipa mara mbili, maji yako palepale.

Kinyungu chetu, yaani bustani ya bondeni, kilikuwa na viazi na maharage. Asubuhi moja vyote vilikuwa kama vimemwagiwa maji ya moto, na kufika mchana vimekuwa vyeusi. Jirani mwenye shamba la mteremkoni, hata mita mia hazifiki, lake ni la kijani. Wengine wanasema ni ugonjwa, wengine wanasema jirani ana dawa yake.

Vifaranga 50 wa wiki mbili, nakuta wamekufa kwa kulaliana. Mahindi yako kwenye turubai wiki ya pili hayakauki. Na sweta za shule zinanuka uvundo.

Nianzie wapi?

Mama wa Watatu, Mufindi

Jibu

Kamwene mama. Anzia kwenye jiko. Litoke chumbani leo hii, kabla ya saa tatu usiku. Mengine yote yanaweza kusubiri mpaka Jumamosi.

Kichwa cha mwanao ndicho ushahidi. Maumivu yanayomkuta mtoto alfajiri, yakapoa akitoka nje, yakarudi kesho yake baada ya kulala chumba kilekile, ni dalili ya hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa unaitoa hata ukiwa umekolea mwekundu bila moshi, na unaitoa zaidi unapoungua kwa kubanwa hewa. Ndiyo maana yale majivu yanazidisha hatari: moto unalala, unaungua polepole usiku kucha, na sumu inatoka usiku kucha. Sufuria ya maji haifanyi lolote, kwa sababu hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Ikiingia mapafuni inashika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili hauhisi kwamba unakabwa. Mtu hakurupuki. Anazidi kuzama usingizini.

Mama mkwe wako hasemi uongo anaposema wamelala na moto tangu enzi. Ila tazama walilala katika nyumba gani. Paa la nyasi linapumua, moshi na hewa vinapenya juu kote. Tena moto wa kuni ukizidi unakutoa machozi na kikohozi mpaka unafungua mlango mwenyewe. Leo moto uleule umehamishiwa kwenye chumba chenye plasta, kioo na mlango wa mbao, na umekuwa wa mkaa ambao haumkohozi mtu. Mweleze hivyo, na ikiwezekana baba watoto ndiye aseme na mama yake, si wewe. Dirisha lililoachwa wazi vidole viwili si dawa. Usiku usio na upepo hewa haizunguki kwenye upenyo huo, na usiku wenye upepo bibi atalifunga mwenyewe.

Ikitokea mkamkuta mtu chumbani hajitambui, fungueni mlango na kumtoa nje kwanza, msibaki ndani mkimpepea. Mpelekeni kituo cha afya hata kama amezinduka, kwani anahitaji oksijeni na sumu hii hutoka kwenye damu taratibu. Maziwa hayaiondoi, na kumnywesha mtu ambaye hajitambui ni kumpalia.

Sasa, usimwondolee mama jiko kabla hujamwekea kitu kitandani. Mpira wa maji ya moto unatosha: vikombe viwili vya maji yaliyochemka kwa kimoja cha baridi, jaza theluthi mbili, kamua hewa, funga, uvike soksi kubwa au taulo. Kama mpira haupo, chukua nusu tofali la kuchoma, liweke kando ya moto (si ndani ya moto) saa nzima, lifunge kwa gunia kisha kwa kitambaa kizito. Ukiweza kulishika mikononi ukahesabu hadi kumi bila kuliachia, ni salama kuwekwa miguuni. Kiingie kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwa mtoto mdogo kitolewe kabla hajalazwa, maana ngozi yake inaungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Jiko lenyewe linaweza kuwaka sebuleni jioni, mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho, kisha litoke nje kabla ya kulala, si kuachwa koridoni.

Na kabla hujanunua blanketi la tatu, angalia chini ya godoro. Mtu anapolala, sponji inajibana chini ya mgongo na kiuno, na pale ndipo baridi inapopandia. Panga maboksi mawili yaliyokunjuliwa juu ya chaga, kisha mkeka, kisha godoro, na blanketi moja ulitandike chini ya shuka badala ya kujifunika. Wazee wengi husikia tofauti usiku huohuo. Kama kuna anayelala na godoro sakafuni, liinuliwe kila asubuhi na kuegemezwa ukutani, la sivyo utakuta upande wa chini umelowa na kuota ukungu mweusi.

Tuje kwenye huku kutotulia kwa hali ya hewa, kwani ukikuelewa, maswali yako mengine yote yanakuwa mepesi.

Mufindi haina baridi moja, ina mbili, na hazitibiwi kwa dawa moja. Ya kwanza ni baridi mbichi. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unaleta hewa yenye unyevu, hewa hiyo inapanda ukingo wa milima kutoka upande wa Kilombero, inapoa, inageuka ukungu na manyunyu. Mchana unakuwa wa baridi, lakini usiku haushuki sana, kwa kuwa wingu linafunika ardhi kama blanketi. Ya pili ni baridi kavu. Kusi ikilegea, wingu linaondoka, jua linawaka mchana, na usiku joto lote la ardhi linapaa angani bila kizuizi. Hapo ndipo sakitu inapoanguka, ile barafu nyeupe juu ya majani.

Kwa hiyo kila jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, toka nje utazame juu. Nyota zinaonekana kali, moshi wa jikoni unapanda wima, na nyasi za uani zimeanza kuwa za baridi mguuni: huo ni usiku wa baridi kavu. Funika mimea, ongeza joto kwa vifaranga, tegemea bati litatoka jasho, na kesho asubuhi ndiyo siku yako ya kufua na kuanika. Wingu limetanda na kuna kaupepo: hakuna sakitu, lakini kesho usifue, na mahindi yabaki ndani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaposikika redioni usikilize, ila unazungumzia eneo pana. Bonde lako unalijua wewe.

Bati sasa. Fundi alikuwa anatafuta tundu ambalo halipo. Maji ya tundu huja na mvua, yanadondoka mahali palepale. Maji yako yanakuja alfajiri ya usiku wa nyota, yanatoka kwenye kila msumari na kila mgongo wa bati, na jua likipanda saa tatu yanakoma. Hayo ni pumzi zenu. Watu wanne wakilala chumba kimoja hutoa kwa pumzi na jasho lita moja ya maji au zaidi kwa usiku mmoja. Usiku mweupe bati linapoteza joto haraka mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, mvuke ukiligusa unageuka matone. Mkipikia ndani au kuanika nguo chumbani, mnaongeza lita nyingine.

Tiba yake ni dari, na si lazima nyumba nzima kwa mara moja. Anza na chumba cha bibi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinataka papi 6 za mita 3, zipigwe kila baada ya sentimita 60, na silingi bodi 4 za futi 4 kwa 8 (tatu zinakaribia kutosha, lakini kwenye kukata utapungukiwa). Huko kwenu mbao za msonobari zipo, na mabanzi kutoka kwenye viwanda vya mbao ni nafuu kuliko bodi za dukani. Yaanikwe kwanza mpaka yakauke, vinginevyo yatapinda na kuachia nyufa. Juu ya dari, kwenye kuta mbili zinazotazamana chini ya kenchi, acheni tundu moja kila upande, ukubwa wa sentimita 15 kwa 20, liwekwe wavu wa kuzuia popo na panya. Tundu hizo ndizo zinazokausha bati. Ukiziba kila kitu, maji yatadondokea juu ya dari, na ndani ya miaka miwili utaona madoa ya kahawia na bodi imelegea. Kuna wanaojaza maranda juu ya dari ili kuhifadhi joto. Yanahifadhi kweli, na pia yanawaka kwa cheche moja ya waya na kuwakaribisha panya. Mimi siyashauri.

Kama hela ya dari haipo mwaka huu, shona viroba vilivyofumwa viwe shuka moja kubwa, uvitundike juu ya kitanda, sentimita 30 chini ya bati, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini kuelekea ukutani ili matone yateleze. Usivibandike kwenye bati lenyewe, maji yatapita kwenye kila tundu la sindano. Na viwe mbali na kibatari.

Kuhusu nyufa, kanuni ni hii: ziba chini, acha juu. Upepo unaopita chini ya mlango na pembeni mwa fremu za madirisha ndio unaopiga mwili. Mlango uwekewe mto mrefu: mguu wa suruali kuukuu uliojazwa maranda makavu, umefungwa kamba ncha zote mbili, unalazwa kizingitini usiku. Nyufa za fremu zizibwe kwa mchanga na saruji, kipimo kimoja cha saruji kwa vitatu vya mchanga uliochekechwa. Ila mpaka chumba kipate dari, ule upenyo ulio juu, kati ya ukuta na bati, usiujaze matambara yote. Hapo ndipo pumzi zinapotokea. Dari ikishawekwa, acheni kitundu kidogo chenye wavu juu ya mlango wa chumba.

Kinyungu. Jirani hana dawa, ana mteremko. Hewa ya baridi ni nzito, na usiku usio na upepo inatiririka kama maji, inashuka kutoka kilimani kimyakimya na kutuama bondeni. Shamba la mteremkoni inalipita tu. Lako inalijaza. Kama mwisho wa chini wa kinyungu kuna matete au uzio mnene, umejenga bwawa la baridi bila kujua. Fyeka mlango wa mita 3 au 4 sehemu ya chini kabisa ili baridi iendelee kushuka.

Halikuwa gonjwa la ukungu pia, na tofauti unaweza kuiona kwa macho. Sakitu inapiga asubuhi moja, inaunguza majani ya juu kabisa kuliko ya chini, na mpaka wake unaonekana wazi kama mstari wa maji ya mafuriko. Ugonjwa wa ukungu unaanza na madoa machache, mara nyingi kwenye majani ya chini yaliyofichika, ukigeuza jani siku ya manyunyu unakuta utando mweupe kandokando ya doa, na unachukua siku kadhaa kusambaa. Huo ni wa baridi mbichi. Kinga yake ni kupulizia dawa yenye mankozebu kabla madoa hayajaonekana, kila baada ya siku 7 wakati hewa ina ukungu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kupulizia mankozebu kwenye viazi vilivyopigwa na sakitu ni kutupa hela.

Viazi usiving'oe haraka. Subiri siku 7 mpaka 10. Shina lililofunikwa na udongo mara nyingi linakuwa hai, litachipua. Kama vilikuwa vimeshakomaa, tuseme vimepita siku 90, viache ardhini wiki mbili ganda ligande, kisha uvune. Maharage hayana bahati hiyo. Sehemu inayokua iko juu ya ardhi, ikishakufa imekufa, panda upya, na usiharakishe: mbegu ichipue kuelekea mwisho wa Agosti.

Kwa usiku wa nyota unaokuja, kuna mambo matatu yanayosaidia kweli. Mwagilia udongo mchana, saa tano mpaka saa nane, usilowanishe majani jioni. Udongo mbichi unahifadhi joto la jua na kulitoa usiku, udongo mkavu hauhifadhi. Sogeza matandazo kando ya mistari siku hiyo. Hili linawashangaza watu kwa kuwa tumezoea kusifu matandazo, lakini nyasi nene zinazuia joto la ardhi lisipande kwenye majani, na mimea yenye matandazo hupigwa kwanza. Tatu, kitalu na kipande kidogo unachokithamini kifunike kwa magunia au shuka juu ya vijiti saa kumi na moja jioni, kabla ardhi haijapoa, na ukifunue jua likishakolea saa tatu. Nailoni ikigusa jani, jani hilo litaungua vilevile. Mioto ya moshi mnayowasha pembeni inapoteza kuni na usingizi. Moshi hauzuii joto kupaa, na moto mkubwa mmoja unatoboa njia ya hewa ya moto kwenda juu na kuvuta baridi nyingine pembeni.

Ukitaka kujua sakitu inafika wapi kwenye shamba lako, chukua sahani nne za bati, mimina maji ya kina cha sentimita moja, ziweke jioni ya nyota: moja chini kabisa, moja mita 20 juu yake, na mbili mteremkoni. Nenda saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijazigusa. Penye utando wa barafu, mwakani panda kabichi, vitunguu saumu au njegere zitakazotoa maua baada ya Agosti (jani la njegere linavumilia, ua halivumilii). Pasipo barafu, panda viazi na maharage.

Vifaranga wanalaliana kwa sababu wanatafuta joto la mwenzao, na wanaokufa ni wa chini, kwa kukosa hewa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 pale walipo, kisha unapunguza kama 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike, kwa hiyo hawa wa wiki mbili walihitaji karibu 30 wakati nje alfajiri pengine ni 4 au 5. Wajengee kinengunengu (kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto) cha duara, kwa maboksi au bati lenye kimo cha sentimita 45. Kipenyo cha mita 1.2 kinatosha 50 kwa wiki ya kwanza, halafu unakipanua kila wiki. Duara, kwa sababu pembe ndizo zinazowakusanya. Chini weka maranda makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, si unga wa mbao, ambao wataudonoa na kuuvuta puani. Chungu cha mkaa kikae katikati juu ya matofali, kimezungushiwa wavu, na banda liwe na upenyo juu, maana ile hewa ya chumba cha bibi inaua kifaranga mapema zaidi. Watu wengi hujaza mkaa saa tatu usiku na kulala. Unakwisha saa tisa, muda wa saa mbili au tatu kabla ya baridi kufika kilele chake. Jaza tena saa nane. Usipime kwa mkono, tazama vifaranga: wakikusanyika kwenye chungu ni baridi, wakikimbilia ukingoni na kufungua midomo ni joto, wakitawanyika na kulia taratibu wako sawa. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili.

Mahindi ndiyo yanayonitia wasiwasi baada ya jiko, kwa kuwa wiki mbili kwenye turubai lenye unyevu ni muda wa kutosha kuvu kuanza, na kuvu wengine wanaacha sumukuvu ambayo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Chambua kwanza: punje zenye rangi ya kijani, kijivu au waridi, na zilizovunjika, zitoke. Usiwape kuku. Kisha badilisha mtindo wa kuanika. Turubai chini linapokea ubaridi na unyevu wa ardhi. Panga miti au mabanzi, uinue kichanja hata nusu mita, upepo upite chini. Mwaga mahindi unene usiozidi sentimita 4, geuza kila saa. Usianike kabla umande haujaisha, kwenu ni saa nne hivi, na anua saa kumi jioni yakiwa bado yana joto, si baada ya kupoa na kuanza kunyonya umande. Siku moja ya baridi kavu yenye jua inakausha kuliko siku nne za mawingu, kwa hiyo siku za ukungu yabaki ndani, yatandazwe, yasirundikwe.

Kupima, tafuta chupa ya kioo kavu kabisa yenye mfuniko. Tia mahindi robo chupa, tia kijiko kimoja cha chumvi kavu (iliyokaangwa kidogo na kupoa), funga, tikisa dakika tatu, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, bado ongeza siku mbili za jua, kwani ghala linataka asilimia 13 hivi. Ile mifuko ya kuzuia hewa inaua wadudu, haikaushi mahindi. Ukiyaweka yakiwa mabichi utafungua Oktoba ukute harufu ya pombe.

Sweta za shule zinanuka kwa sababu zinakaa mbichi zaidi ya siku moja, basi. Fua asubuhi inayofuata usiku wa nyota, si Jumamosi kwa kuwa ni Jumamosi. Ukishakamua, litandaze sweta juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama chapati, kanyaga kwa miguu, maji mengi yatahamia kwenye taulo. Lianike kwa kulilaza juu ya wavu au kichanja, chini ya upenu unaopitiwa na upepo. Ukilining'iniza mabegani litarefuka na mtoto atarudi amechekwa. Lililokwisha kunuka liloweke nusu saa kwenye maji lita 5 yenye nusu kikombe cha siki, kisha lifuliwe kama kawaida. Na mtoto awe na sweta mbili, hata moja ikiwa ya mtumba, rangi ikiwa inakubalika shuleni.